Jina la Bibi katika Faili la Mirathi: Namna ya Kutafuta Kumbukumbu za Kale za Marehemu

Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya watendaji wa kata, wenyeviti wa vijiji na wananchi katika mfululizo wa elimu kwa umma kuhusu huduma za masjala na kumbukumbu. Yanachapishwa kwa ukamilifu kwa manufaa ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.



Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huu husikika sana madukani na katika vikundi vya kuweka na kukopa, na kila mtu huuelewa kuwa unahusu fedha. Ni mara chache watu hutafakari kwamba daftari linapopotea, kinachopotea si mali peke yake. Hupotea pia majina ya watu waliokuwa na haki katika mali hiyo.

Mfikirie mjukuu anayeingia katika ofisi ya mtendaji wa kata kuomba barua ya utambulisho. Hatafuti kiwanja wala hadai nyumba. Anatafuta jina la bibi mzaa babu yake. Nasaba ya ukoo anaijua: fulani bin fulani bin fulani, mababu sita bila kukwama. Akiuliza juu ya wanawake walioolewa na mababu hao, wazee humjibu kwamba mmoja alikuwa “binti wa watu wa Kilwa” na mwingine “mama wa upande wa bara”. Simulizi za ukoo zimehifadhi safu ya wanaume na kuwaacha wanawake njiani.

Mjukuu huyo ana mahali pa kwenda. Tangu zamani, mwenye mali alipofariki, mgawanyaji hakuweza kuigawa mali hiyo kwa haki bila kuwataja warithi mmoja mmoja: mke, au wake, mabinti, mama wa marehemu kama alikuwa hai, hata dada na shangazi pale ambapo sheria ilifika huko. Kwa sababu hiyo, karatasi ya mirathi humtaja mwanamke ambaye wasimulizi wamemsahau. Mazungumzo haya yanaeleza karatasi hizo ziko wapi, zinasomwaje, na nini hakipaswi kufanywa nazo.

Maswali matatu kabla ya safari

Mtafutaji wengi huanza kwa kuuliza, “Je, kuna faili la ukoo wa fulani?” Swali hilo halina jibu, kwa kuwa nyaraka za serikali hazikupangwa kwa majina ya koo. Zilipangwa kwa ofisi iliyoziandika na kwa mwaka zilipoandikwa. Anayetaka kufika haraka ajiulize kwanza maswali matatu: marehemu alifariki mwaka gani, alifuata dini au mila gani, na alifia wapi.

Swali la mwaka ndilo linaloonyesha dola iliyokuwa na mamlaka. Hadi miaka ya 1880, miji ya mwambao kama Bagamoyo, Pangani, Lindi na Kilwa ilikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, aliyetawala kupitia maliwali na makadhi. Baada ya makubaliano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1890, Sultani alilipwa marki milioni 4 na ukanda wa mwambao ukawa wa Wajerumani. Utawala wao ulivunjwa na Vita Kuu ya Kwanza, kisha Waingereza wakaitawala Tanganyika hadi Uhuru wa mwaka 1961.

Maana yake kwa mtafutaji ni hii: mzee aliyefariki Pangani mwaka 1880 huenda akaacha alama katika hati zilizohifadhiwa Zanzibar, hata kama hakuishi huko siku moja. Aliyefariki Pangani mwaka 1910 atafutwe katika mafaili ya Wajerumani. Aliyefariki hapo hapo mwaka 1935 atafutwe katika kumbukumbu za mahakama za wenyeji chini ya Waingereza. Mji ni mmoja, lakini masjala ni tatu.

Swali la dini au mila ndilo linaloonyesha meza iliyolishughulikia shauri. Wakati wa Wajerumani, Wazungu walihukumiwa na hakimu wa Kijerumani kwa sheria za Ujerumani, na wenyeji walipelekwa kwa mkuu wa wilaya aliyesaidiwa na maliwali, makadhi na maakida. Waingereza nao waliendeleza mfumo wa njia mbili. Mahakama Kuu ya Tanganyika iliundwa kwa Amri ya mwaka 1920, na sheria za India zilizoletwa nchini, ikiwemo Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865, zilitumika kwa Wazungu na kwa Wakristo wengine waliokuwa chini yake. Waafrika walio wengi walibaki katika mahakama za wenyeji, ambazo kwa sheria ya mwaka 1929 ziliwekwa chini ya maofisa wa utawala, na kwa sheria ya mwaka 1951 zikaitwa mahakama za mitaa. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963 ilizifuta njia hizo mbili na kuanzisha mahakama za mwanzo zinazojulikana leo.

Swali la mahali ndilo linaloonyesha boma. Watu wa zamani walisafiri. Mpagazi aliondoka Unyamwezi akafia mwambao; kibarua wa mkonge aliondoka kusini akafia Tanga; askari aliondoka kijijini akafia vitani. Mtu aliyefia ugenini mara nyingi aliacha barua ambazo aliyefia nyumbani hakuziacha, kwani boma la mahali alipofia lililazimika kuliandikia boma la kwao kuuliza ndugu zake ni akina nani na mshahara uliobaki apewe nani. Barua ya aina hiyo inaweza kutaja kijiji, jumbe, baba na mke katika mistari michache.

Kusoma mafungu ya urithi

Wengi wakilipata faili la zamani husoma majina tu na kuziruka tarakimu. Hilo ni kosa kubwa, kwa sababu katika mirathi ya Kiislamu tarakimu zenyewe ni ushahidi wa nasaba.

Sheria ni ya wazi. Mali hutolewa kwanza gharama za maziko, kisha madeni, kisha wosia usiozidi theluthi moja. Kinachobaki hugawanywa. Mke hupata thumuni, yaani sehemu moja ya nane, ikiwa marehemu ameacha watoto. Hupata robo ikiwa hakuacha. Wake wakiwa wawili au zaidi, hugawana fungu hilo hilo. Mama hupata sudusi, yaani sehemu moja ya sita, ikiwa marehemu ana watoto. Mtoto wa kiume hupata mara mbili ya wa kike.

Chukua mfano wa kufundishia. Karatasi inasema kuwa baada ya madeni zilibaki rupia 480, na wanawake wawili walipewa rupia 30 kila mmoja. Jumla ya fungu lao ni rupia 60, na 60 ni thumuni ya 480. Hapo msomaji ameshajua mambo mawili: wanawake hao walikuwa wake, na marehemu aliacha watoto. Zinabaki rupia 420. Karatasi inaonyesha watu wawili waliopewa rupia 120 kila mmoja na watu watatu waliopewa rupia 60 kila mmoja. Hata kama wino umefifia na neno “bin” au “binti” halisomeki, hesabu inasema kwamba wale wawili ni wana na wale watatu ni mabinti. Tena, kwa kuwa hakuna sudusi iliyotolewa, baba na mama wa marehemu walikuwa wameshatangulia. Karatasi moja imefichua vizazi vitatu.

Fungu likiwa robo badala ya thumuni, mtafutaji anayedai kuwa mjukuu wa marehemu kupitia mtoto wa kiume ajiulize upya, kwani sheria isingempa mke robo kama wajukuu hao walikuwepo. Na ikiwa binti pekee amepewa nusu na sehemu iliyobaki ikaenda kwa ndugu wa marehemu, basi hakukuwa na mtoto wa kiume aliyebaki hai.

Mahari nayo hutoa habari. Mahari ambayo haikulipwa ni deni, na mjane alikuwa na haki ya kuidai kabla mali haijagawanywa. Dai hilo linapoandikwa huthibitisha ndoa ambayo pengine haina cheti mahali pengine popote.

Kwa familia zilizofuata sheria ya mwaka 1865, hesabu ni nyingine: mjane hupata theluthi moja ikiwa kuna watoto, na watoto wote, wa kiume na wa kike, hugawana sawa theluthi mbili zilizobaki. Na kwa jamii zinazofuata nasaba ya upande wa mama, kama Waluguru, Wamakonde na Wamwera, mrithi anaweza kuwa mpwa, mtoto wa dada. Msomaji asikimbilie kusema kwamba marehemu hakuwa na watoto kwa sababu tu jina la kwanza katika orodha ni la mpwa.

Jina linapokosekana

Kutokuonekana kwa jina hakuthibitishi kwamba mtu hakuwepo. Mjukuu ambaye baba yake alifariki kabla ya babu hakurithi pale ambapo ami zake walikuwa hai, kwa hiyo hatatajwa, isipokuwa babu alimwachia kitu kwa wosia. Mtoto asiyetokana na ndoa hakumrithi baba. Tofauti ya dini nayo ilifunga mlango.

Mfano mashuhuri ni wa Sayyida Salme, binti wa Sultani Said bin Sultan, aliyezaliwa mwaka 1844. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria mwenye asili ya Circassia. Sultani alipofariki baharini mwezi Oktoba 1856, Salme alirithi pamoja na ndugu zake, kwa kuwa mtoto wa suria aliyetambuliwa na baba yake alikuwa huru na mrithi kamili. Katika kumbukumbu za maisha yake zilizotoka mwaka 1886, aliandika kwamba baba yake aliacha watoto 36, wa kiume 18 na wa kike 18. Baadaye Salme aliondoka Zanzibar, akabatizwa, akaolewa na Mjerumani, na akatumia miaka mingi akidai bila mafanikio haki zake katika urithi wa jamaa zake waliofariki. Anayesoma hati za mirathi ya jamaa hao peke yake anaweza kudhani kwamba dada huyo hakupata kuzaliwa. Hati humtaja anayestahiki urithi. Haitoi hesabu kamili ya waliokuwa jamaa.

Mwandiko, tarehe na sarafu

Hati za zamani za mwambao ziliandikwa kwa Kiarabu, au kwa Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Zile za Wajerumani ziliandikwa kwa mwandiko wa mkono ambao hata Wajerumani wa leo wengi hawausomi bila kujifunza. Mtafutaji asivunjike moyo. Ashirikiane na walimu wa madrasa na wazee wanaosoma herufi hizo wakati bado wapo, na anakili kila mstari kama ulivyo kabla ya kuutafsiri.

Majina nayo hubadilika sura. Mjerumani aliandika sauti kwa namna ya lugha yake: Juma akawa “Dschuma”, na jina lenye “sh” likapewa “sch”. Mtafutaji aandike kwanza orodha ya sura zote ambazo jina linaweza kuchukua, ndipo aingie katika faharasa. Wanawake wengi waliandikwa kwa jina la baba peke yake, “binti fulani”. Katika hali hiyo jina la baba ndilo la kutafutwa.

Tarehe za Hijria zinahitaji uangalifu. Mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, hivyo haulingani na mwaka wa kalenda ya kawaida. Mwaka 1318 wa Hijria, kwa mfano, ulianza mapema Mei 1900 na kuisha Aprili 1901. Miezi nayo ilihesabiwa kwa mfungo: Shawwal ni Mfunguo Mosi, Muharram ni Mfunguo Nne. Asiyejua hilo atasoma “Mfunguo Tano” na kudhani ni mwezi Mei, kumbe ni Safar.

Sarafu husaidia kukadiria umri wa karatasi isiyo na tarehe. Reale ni ya zamani zaidi. Rupia yenye pesa 64 ni ya kabla ya mwaka 1904. Rupia yenye heller 100 ni ya kuanzia mwaka huo, baada ya Wajerumani kubadilisha mgawanyo wake. Shilingi iliingia mwanzoni mwa miaka ya 1920.

Walioandikwa kama mali

Ipo sehemu ya kumbukumbu hizi ambayo haisomeki kwa wepesi. Katika orodha za zamani za mali ya marehemu, baada ya minazi, mashamba na majora ya nguo, yanaweza kufuata majina ya watu. Utumwa haukuisha kwa siku moja. Zanzibar uliondolewa utambuzi wa kisheria mwaka 1897. Wajerumani waliagiza kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 wawe huru, lakini hawakuufuta utumwa wenyewe. Tanganyika ulipigwa marufuku kwa sheria mwaka 1922, chini ya Waingereza.

Aliyeachwa huru naye aliacha alama katika mirathi. Kwa haki iitwayo walaa, aliyemwacha mtumwa huru, au jamaa zake wa kiume, waliweza kudai mali ya mtu huyo ikiwa alifariki bila mrithi wa damu aliyeistahiki. Ndiyo maana katika shauri la mtu wa kawaida mwenye kibanda na minazi michache anaweza kujitokeza mdai kutoka ukoo mkubwa, na mjane au binti wa marehemu akalazimika kuleta mashahidi kuthibitisha ndoa au uzazi. Kwa wazao wa watu waliotenganishwa na koo zao, ushahidi wa namna hiyo unaweza kuwa ndio maneno pekee ya bibi yao yaliyobaki duniani.

Basi anayefungua mafaili hayo ajiandae kwa mambo mawili: huenda akakuta jina la mzazi wake katika orodha ya mali, na huenda akakuta jina la mzazi wake akiwa mwenye orodha. Majina kama Mabruki, Faraji na Majaliwa yalitolewa sana kwa watumwa, lakini hayathibitishi lolote yakisimama peke yake, na hakuna mwenye haki ya kumnyooshea jirani kidole kwa sababu ya jina. Habari hizo zipokelewe kwa heshima, zijadiliwe ndani ya familia, na zisipelekwe kijiweni.

Milango ya kubisha hodi

Safari huanzia nyumbani. Kabla ya kwenda ofisi yoyote, zifunguliwe kasha za wazee. Hati za kununua shamba, stakabadhi za kodi, kadi za ubatizo, barua za wakfu na muhtasari wa vikao vya ukoo mara nyingi hulala chini ya nguo za sherehe. Wazee waulizwe kuhusu miaka kwa kutumia matukio: kabla au baada ya vita vya Majimaji, wakati wa njaa fulani, mwaka wa Uhuru.

Mlango wa pili ni mahakama ya mwanzo ya mahali marehemu alipoishi, kwa vifo vya baada ya mwaka 1963. Kila shauri la mirathi lilipewa namba na mwaka, na kuandikwa katika rejista. Mwombaji aombe kwanza rejista ya mwaka wa kifo na miaka mitatu au minne inayofuata, kwani familia nyingi huchelewa kufungua shauri. Ndani ya jalada anaweza kukuta maombi ya usimamizi, muhtasari wa kikao cha ukoo wenye majina na alama za vidole gumba, orodha ya mali, na hesabu za mgawanyo.

Mlango wa tatu ni usajili wa vifo, unaopatikana wilayani katika ofisi ya msajili iliyoko kwa Mkuu wa Wilaya, na kitaifa kwa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA. Sheria ya kusajili vizazi na vifo ilitungwa mwaka 1920, lakini kwa miaka mingi Waafrika wengi hawakusajiliwa. Kukosa cheti cha zamani ni jambo la kawaida. RITA ndiyo pia yenye ofisi ya Kabidhi Wasii Mkuu, aliyesimamia mirathi isiyokuwa na msimamizi.

Mlango wa nne ni Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, yenye jengo la nyaraka Upanga, Dar es Salaam. Huko kuna mafaili ya Wajerumani, ambayo sehemu yake ilifukiwa ardhini Tabora wakati wa vita na kufukuliwa baadaye. Watunza nyaraka kutoka Ujerumani waliyapanga katika miaka ya 1960, na orodha yake ilichapishwa mwaka 1973 katika juzuu mbili. Huko pia kuna mafaili ya mabomo ya Waingereza na vile vitabu vya wilaya ambamo maofisa waliandika historia za makabila, orodha za watawala na desturi za urithi. Kwa Sheria ya mwaka 2002, nyaraka za umma kwa kawaida hufunguliwa kwa wasomaji zinapotimiza miaka 30. Magazeti ya Serikali ya zamani nayo yasomwe, kwa kuwa matangazo ya mirathi iliyofunguliwa katika Mahakama Kuu yalitolewa humo.

Mlango wa tano ni Taasisi ya Nyaraka na Kumbukumbu Zanzibar, iliyoko Kilimani, kwa hati za enzi ya Sultani, rejista za mikataba na kumbukumbu za mahakama. Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana ya Zanzibar ni ya kukumbukwa pia, kwa kuwa hati ya wakfu hutaja wanufaika kizazi baada ya kizazi. Familia zenye jamaa Mombasa au Lamu zitafute pia katika Gazeti la Serikali la Kenya, lililoanza mwaka 1899, ambalo matoleo yake ya zamani yanasomeka kwa intaneti.

Mlango wa sita ni nyumba za ibada. Misheni ya Bagamoyo, iliyoanzishwa na Mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1868, ilipokea watu waliokombolewa kutoka utumwani, na misheni za namna hiyo ziliandika ubatizo, ndoa na vifo miongo kadhaa kabla ya serikali kufanya hivyo.

Kila anapofika, mtafutaji achukue barua ya utambulisho, kitambulisho, penseli na daftari. Aandike namba kamili ya jalada na ukurasa, hata kama hakupata alichokitafuta, ili ndugu yake asirudie safari ile ile. Asilambe kidole kufungua kurasa, na asitoe hata kipande cha karatasi katika jalada.

Utafiti si madai

Hapa ndipo penye hatari, na ndiyo sababu jambo hili likaletwa mbele ya watendaji. Mtu akipata karatasi ya mwaka 1912 inayosema kwamba babu yake alikuwa na minazi mahali ambapo leo wanaishi watu wengine, karatasi hiyo haimpi mamlaka ya kuweka mipaka, kung'oa miche wala kumtoa mtu ndani ya nyumba. Shamba hilo huenda liliuzwa, liligawanywa, lilitwaliwa au lilihamishwa kihalali mara nyingi tangu siku hiyo. Mwenye hoja aipeleke katika vyombo vinavyohusika, apate ushauri wa kisheria, na akubali kwamba muda nao una sheria zake. Watendaji wa kata na vijiji wanakumbushwa kutogonga muhuri juu ya nakala ya hati ya kale kana kwamba ni uthibitisho wa umiliki.

Kwa upande mwingine, mafaili haya yanawahukumu walio hai. Mjukuu anayelalamika kwamba mababu hawakuandika atazame nyumbani kwake. Ni mirathi mingapi ya miaka ya karibuni haijafunguliwa? Ni wajane wangapi wanaishi katika nyumba ambayo bado ina jina la marehemu, wakisubiri hisani ya mashemeji? Sheria ya Usimamizi wa Mirathi inamtaka msimamizi aliyeteuliwa chini yake kuwasilisha orodha ya mali ndani ya miezi sita, na hesabu ndani ya mwaka mmoja. Msimamizi anayekaa kimya huwanyima warithi haki yao leo, na huwanyima wajukuu historia yao baada ya miaka 100.

Tena yapo mambo yasiyohitaji mahakama. Wenyeviti wa vijiji wahakikishe kwamba madaftari ya zamani ya wakazi na mihutasari ya vikao hayafanywi ya kuwashia moto wala hayaachiwi mchwa. Ofisi itakayokuta makaratasi ya kale isiyatupe bali iwasiliane na masjala ya halmashauri kwa maelekezo. Koo nazo, zinapoandika muhtasari wa kikao cha mirathi, ziandike majina kamili: ya wake wote, ya mabinti walioolewa mbali, ya watoto waliotangulia mbele ya haki na wale walioachwa nao.

Mjukuu aliyetajwa mwanzoni huenda akatembea milango yote sita na kurudi na mstari mmoja tu: jina la mwanamke, jina la baba yake, na fungu la thumuni alilopewa siku mumewe alipozikwa. Mstari huo haumwongezei hata mnazi mmoja. Lakini siku nasaba itakaposomwa tena mbele ya watoto, hatasema “binti wa watu wa Kilwa”. Atamtaja kwa jina lake.